Kilio cha Upande Mmoja

Inatangazwa rasmi kwa wote wanaohusika, na kwa wale wasiohusika ila hupenda kusikiliza, kwamba siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha upasuaji chenye taa sita kubwa, alizaliwa mrithi wa nyumba ya Mpiga Picha. Saa hiyo ni kwa mujibu wa mkono wa nesi, maana saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi. Uzito, kilo tatu na robo. Vidole, ishirini, vilivyohesabiwa mara mbili na mashahidi tofauti. Tangazo lingeishia hapo kwa vigelegele, lakini mrithi alipofungua kinywa kuilaumu dunia kwa mara ya kwanza, ni nusu tu ya uso wake iliyolia. Nusu ya kulia ilikunjamana, kama inavyomstahili mtu aliyetolewa mahali penye joto bila kuulizwa. Nusu ya kushoto ilitulia tu, laini, kama mtu anayesubiri basi na hana haraka.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Baba. Asingeweza kutoliona. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipiga picha za pasipoti katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kazi yenyewe ni kuwaambia watu wazima wanyooke. Kaza shingo. Shusha bega la kushoto. Funga mdomo. Masikio yote mawili yaonekane. Kola ikipinda upana wa ukucha, yeye huiona kutoka mlangoni. Basi nesi alipomleta mtoto wodini amefungwa shuka, analia, Mama aliona mtoto, Bibi aliona pua ya marehemu mumewe, na Baba aliona mdomo umekwenda kulia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mdomo ulikuwa bado kulia.

Alimfuata nesi pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba uso wa mtoto hauna ulinganifu. Nesi akamjibu kwamba watoto wote huzaliwa wamepinda, hata wa kwake walikuwa kama viazi vitamu, na sasa wana degree. Baba akasema atasubiri kilio kingine. Hakusubiri sana.

Daktari alikuja mchana. Alikuwa mwanamke kijana, alama ya kofia ya upasuaji bado imemkaa kwenye paji la uso. Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililomtuliza Mama na kumtisha Baba, kwa kuwa Baba anaamini kwamba daktari mwenye habari njema huongea amesimama.

"Kichwa kilikuwa kimeshuka chini kikakwama," alisema. "Mama amehangaika na uchungu tangu jana asubuhi, mnajua. Tulipofungua tumbo, mkono peke yake haukuweza kukitoa, nikatumia koleo la kuzalishia. Koleo limebana mshipa wa fahamu unaopita hapa, mbele ya sikio. Huo ndio unaoiamrisha misuli ya uso upande huu. Haujakatika, umebanwa. Wengi hupona wenyewe, wiki chache, wengine miezi. Mkono ulioshika koleo ni wangu. Naomba radhi, mama."

Baba aliuliza habari za wasiopona. Daktari akasema wapo, wachache, ndiyo maana anataka kumwona mtoto tena baada ya wiki mbili bila kukosa. Halafu akamgeuza mtoto kidogo, akawaonyesha kope la kushoto lilivyobaki wazi kama mlango uliosahauliwa.

"Mdomo hauna haraka. Mwenye haraka ni hili jicho. Halifungi, na jicho lisilofunga hukauka. Matone haya kila baada ya saa mbili akiwa macho. Mafuta haya akilala. Likiwa jekundu, msisubiri tarehe."

"Anaumia?" Mama aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la pekee.

"Haumii."

"Basi tutaanzia hapo," Mama akasema, akanyoosha mikono apewe mtoto wake.

* * *

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na pazia moja. Chumba cha mbele ni studio: kiti kisicho na mgongo, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, na kompyuta inayounguruma kama inapanda mlima. Nyuma ya pazia ndiko wanakoishi watu. Mama ni msusi, na kabla ya kujifungua alikuwa akiwasuka wateja wake uani, kwenye mkeka. Bibi, mama mzazi wa Baba, ni mtu aliyezaa mara sita bila kupasuliwa, jambo analolitaja kama wengine wanavyotaja cheo.

Aliporudi kutoka hospitali, Baba alianzisha utaratibu. Kila siku saa tatu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mtoto atapigwa picha akiwa analia, kwa taa ileile, umbali uleule, shati lilelile jeupe lenye mfuko. Picha itachapishwa kwa kipimo cha pasipoti, itabandikwa ukutani, na kona ya mdomo itapimwa kwa rula kuanzia puani. Siku ya nne milimita sita kulia. Siku ya tano milimita sita kulia. Baba aliandika tarehe chini ya kila moja kwa mwandiko wa mtu anayetunza kumbukumbu za taifa.

Tatizo la utaratibu huo lilikuwa mtoto. Alikuwa mtu wa furaha. Aliketishwa kwenye kiti, mikono ya Bibi ikimshika kutoka nyuma ya kitambaa, taa zikamwakia usoni, naye akatazama dari kama mkaguzi wa majengo. Asipolia, mdomo wake ulikuwa sawa kabisa. Kasoro ilijitokeza akilia tu. Na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa tayari kumliza. Bibi alisema atakayemfinya mjukuu wake atafinywa na yeye, na vidole vyake bado vina nguvu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Mama atamnyonyesha palepale studio na kumkatiza katikati. Hapo mrithi alilia kwa haki yote aliyokuwa nayo, upande mmoja, Baba akabonyeza, na Mama akamrudishia ziwa huku akimtazama mumewe kwa jicho ambalo lisingepita kwenye picha yoyote ya pasipoti.

Siku ya sita aliwasili kutoka shule ya bweni binti mkubwa wa nyumba hiyo, ambaye Bibi humwita Msomi. Inafaa isemwe mapema kwamba binti huyu ni mwenye adabu, mchapakazi, asiye na makuu, na kwamba shule yake humsingizia mambo mengi, likiwemo lile la kengele kulia saa nane mchana wa Jumapili na walimu wote kukimbilia madarasani wakiwa na kandambili. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina la utani la Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, ni mtu anayeongea kwa upande mmoja wa mdomo na kila mtu anamsikiliza. Baba akacheka mpaka akakaa. Mama naye akacheka, akashika mshono, akaomba kwa machozi asichekeshwe tena mpaka nyuzi zitolewe. Kuanzia hapo, kila chai ikiandaliwa, ilikuwa Mheshimiwa ameamka, Mheshimiwa amechafua, Mheshimiwa ana kikao na titi, asisumbuliwe.

Wageni walikuja. Wengi waliangalia, wakameza mate, wakasema ana nywele nzuri. Jirani wa nyumba ya pembeni, mwenye duka la sabuni, hakuwa mtu wa kumeza kitu. Alimpongeza Mama kwa sauti inayofika barabarani, kisha akasema kwamba kuzaa kwenyewe hasa hakukuwepo, maana mwenzetu amepita njia ya mkato, na labda ndiyo sababu mtoto ametoka vile, hakupitia alikopaswa kupitia.

"Njia ya mkato ina nyuzi tisa, dada," Mama alisema. "Ukitaka nitakuonyesha ilipoanzia na ilipoishia."

Macho yote yakamwelekea Bibi, kwa kuwa maneno yale ya jirani yalikuwa, neno kwa neno, yale ambayo Bibi mwenyewe alikuwa akiyanung'unika jikoni tangu Jumatano. Bibi aliinuka taratibu. Akaenda mpaka mbele ya mgeni, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa bado nusu, akakipeleka jikoni, hakurudi nacho. Toka siku hiyo zile hadithi za kuzaa mara sita hazikusikika tena.

* * *

Siku ya nane Mama alikwenda kliniki ya hospitali ileile kutolewa nyuzi, akamchukua na mtoto. Kliniki ile ina ukumbi mrefu wenye mabenchi, na nesi wa mapokezi husimama mlangoni na rundo la kadi akiita watu. Siku hiyo kadi zilikuwa zimechanganyika, na nesi alikuwa amechoka, na labda hakuwa na nia mbaya.

"Mtoto wa mdomo upande," aliita. "Mtoto wa mdomo upande yuko wapi?"

Benchi zima liligeuka. Mama alibaki ameketi, akitumaini kwamba yupo mwingine. Nesi akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi, na Mama akainuka, mkono mmoja tumboni, mwingine umemkumbatia mtoto. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimfunika mtoto wake mwenyewe shuka usoni, kama kwamba mdomo upande unaweza kuruka benchi.

Nyuzi zilitoka vizuri. Mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, akamlaza mtoto, akasema harudi tena pale. Hakupaza sauti. Alisema tu, kama mtu anayesema unga umekwisha.

Hapo ndipo Baba alipotakiwa kubisha, wala hakubisha. Ukweli ni kwamba alifarijika. Wiki hiyo wateja watatu walikuwa wamemwuliza, katikati ya kupigwa picha, kama ni kweli, na mmoja alipendekeza amrekebishe mtoto kwa kompyuta kama anavyowarekebisha watu. Baba alikuwa amechoka kueleza.

"Kwani kuna haja?" alisema. "Mimi nina kamera. Daktari atamwona mara moja kwa wiki mbili. Mimi namwona kila siku, kwa taa, kwa rula."

Tarehe ya daktari ilikuwa Jumanne iliyofuata. Ilifika, ikapita, na siku hiyo watu wote wa nyumba ile waliongea sana kuhusu hali ya hewa.

* * *

Jumatano Mama alikuwa akimdondoshea mtoto matone kitandani, akasita. Alimsogeza karibu na taa. Akamwita mumewe.

"Hili jicho mbona kama lina wekundu?"

Baba alitazama. Akasema mtoto ametoka kulia. Mama akasema hajalia tangu asubuhi. Baba akasema basi ni taa ya chumbani, ile taa ni ya njano na humdanganya kila mtu. Akapita pazia, akarudi na picha ya asubuhi hiyo, akaiweka juu ya mto kando ya kichwa cha mtoto. Kwenye picha, jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama karatasi.

"Unaona?" alisema. "Kamera haina haya wala haina huruma. Wekundu ungekuwepo, ingeonyesha."

Mama alitazama picha, akatazama jicho, akatazama picha. Mtu akiishi miaka kumi na tisa na mume ambaye hajawahi kukosea uso, huanza kuyashuku macho yake mwenyewe. Akaongeza tone moja, akafunga kichupa.

Wakati wa kula mchana Baba alitoa hotuba. Alisema watu wa kawaida huangalia, mpiga picha huona. Alisema nyuso elfu moja zikipangwa, na mmoja ukabadilishwa jambo dogo, yeye atautoa mle kabla chai haijapoa. Alisema hajazaliwa wa kumdanganya kwa uso. Binti mkubwa alisikiliza hotuba hiyo yote kwa heshima kubwa, akampa Baba maji ya kunawa, akakusanya vyombo.

Kilichotokea Alhamisi bado hakijapata maelezo ya kisayansi. Saa tatu mtoto alipigwa picha kama kawaida. Saa tatu na nusu Baba alikwenda dukani kununua karatasi za kuchapia, akaacha picha imeshaandaliwa kuchapishwa, kompyuta inaunguruma. Aliporudi alichapisha, akambandika mtoto ukutani, akachukua rula, akainama. Kisha akabaki vilevile ameinama, kama mtu aliyekatika kiuno.

Mdomo ulikuwa umekwenda kushoto.

Alimwita Mama kwa sauti ambayo Mama hakuwahi kuisikia. Mama akaja, akaangalia safu ya picha kumi na mbili zenye mdomo kulia, na ya kumi na tatu yenye mdomo kushoto, akajishika ukutani. Bibi akaja na kijiko mkononi na kutamka alichokuwa akikiogopa kila mtu, kwamba ugonjwa umehama, na kama umehama basi unatembea, na kama unatembea haijulikani utaishia wapi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto mwenyewe yuko chumba cha pili na anaweza kutazamwa. Au pengine walikumbuka, ila mtoto alikuwa amelala, na akilala mdomo wake hausemi kitu.

Mama, aliyeapa kutorudi kliniki, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Alikwenda ameinama kidogo, mkono juu ya mshono, kandambili ya kushoto ya kwake na ya kulia ya mumewe. Bibi alimbeba mtoto, kijiko bado mkononi. Baba alikumbatia picha zote kumi na tatu ndani ya faili. Studio, juu ya kile kiti, chini ya taa mbili, alibaki mteja mmoja, dereva wa lori, shingo imekazwa, mdomo umefungwa, masikio yote mawili yanaonekana. Alikuwa ameambiwa asitikisike.

* * *

Nesi wa mapokezi alikuwa mlangoni na kadi zake. Alimwona Mama, akamtambua, akafungua kinywa.

"Mtoto wa..." alianza.

"Malizia, mwanangu," Bibi alisema kwa upole, kijiko mkononi. "Mimi ni mzee, lakini nasikia vizuri."

Nesi akatazama kadi, akaita namba. Kisha akawapeleka mwenyewe mpaka chumba cha daktari, na njiani akamshika Mama mkono kwenye ngazi.

Daktari alikuwa yuleyule. Hakuuliza walikuwa wapi Jumanne. Baba alimwekea picha mezani, akaeleza uhamaji wa ugonjwa huo kwa lugha ya kitaalamu, huku rula ikimsaidia. Daktari akainua picha ya kumi na tatu. Akaitazama kwa muda. Akamtazama mtoto, aliyekuwa bado na shati lake.

"Baba," alisema, "na mfuko wa shati nao umehama?"

Kwenye mtoto mfuko ulikuwa upande wa moyo. Kwenye picha kumi na mbili, vilevile. Kwenye ya kumi na tatu ulikuwa upande wa pili.

"Hii picha imegeuzwa," daktari akasema. "Mtoto yuko vilevile."

Bibi anasimulia kwamba Baba alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Mtu wa nyuso elfu moja alikuwa amepima mdomo kwa rula na hakuona shati. Mama alianza kucheka, akashika tumbo, akaendelea kucheka, kwa kuwa kama mtoto yuko vilevile basi wanaweza kurudi nyumbani. Aliinuka. Daktari akamwomba akae kidogo, maana alikuwa ameshamwinamia mtoto, na hakuwa akicheka.

Alivuta pazia la dirisha. Akadondosha dawa ya rangi kwenye jicho la kushoto, akamulika kwa taa ya buluu, akawaita wote watatu waangalie. Juu ya kioo cha jicho kulikuwa na mstari mdogo wa kijani, mfupi kama uzi uliokatwa.

"Huu ni mkwaruzo. Jicho limekauka. Matone mmeweka, naona, ila kwa huyu hayakutosha; alihitaji kufungwa kope kwa plasta akilala, na hicho ndicho nilichotaka kukiangalia Jumanne. Siku nne tano zaidi kingekuwa kidonda. Kidonda hapa huacha kovu, na kovu hapa ni pazia la maisha." Akazima taa. "Leo ni mkwaruzo tu. Utapona. Mmewahi."

Halafu akarudia zile picha, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Lakini wekundu huu si wa leo. Una siku mbili au tatu. Mbona kwenye picha zote jicho ni jeupe?"

Baba alichukua picha ya Jumatano. Akaisogeza, akaiweka mbali, kama wateja wake wazee wanavyofanya.

"Huwa nasafisha macho," alisema.

Ikabidi aeleze. Watu huja kupigwa picha wakiwa na macho mekundu, ya vumbi, ya kukosa usingizi, ya kulia. Hakuna anayetaka kubeba macho hayo miaka kumi ndani ya pasipoti. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, yeye huyasafisha, mara mbili kulia, mara mbili kushoto. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mkono hufanya kabla kichwa hakijaambiwa. Kila asubuhi alikuwa amemsafisha mwanawe jicho, na kumbandika ukutani, na kumpima mdomo.

Mama hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naona," alisema.

"Ndiyo," Baba akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaona."

Mheshimiwa, aliyemulikwa na kudondoshewa bila kuombwa ruhusa, akaamua kulalamika. Daktari akamgeuza kuelekea kwenye mwanga na kuwaambia waache kutazama mdomo, watazame juu. Kwenye paji la uso, upande wa kulia, mikunjo mitatu. Upande wa kushoto, palipokuwa pamenyooka kama kitambaa cha studio tangu azaliwe, palikuwa na kamkunjo kamoja, kembamba, kanakotetemeka. Mshipa umeanza kuamka, alisema. Huanzia popote. Baba akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu apige picha. Kisha akautoa mkono, mtupu, akaangalia tu.

* * *

Nyumbani ulifanyika uchunguzi, lakini haukuchukua muda. Watu wanaojua kutumia ile kompyuta ni wawili, na mmoja alikuwa dukani kununua karatasi. Binti mkubwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa amempiga picha dereva wa lori kwa ustadi na kumruhusu apumue, aliitwa nyuma ya pazia.

Alitegemea makubwa. Badala yake Mama alimkumbatia. Mama alikuwa ameshaipanga habari nzima kichwani akiwa njiani: kwamba mwanawe aliona jicho lina wekundu, akaona wakubwa wamegoma kwenda kliniki, mmoja kwa aibu na mwingine kwa kiburi cha kamera, akajua akisema hatasikilizwa, akatafuta namna moja tu ambayo Baba yake angeiamini. Bibi akasema hiyo ndiyo faida ya kusomesha. Baba akampa mkono, mkavu, kama mtu mzima kwa mtu mzima, akasema ameokoa jicho la mdogo wake. Binti aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ulioonekana kutoka pande zote. Alikubali pia kipande cha pili cha mkate, kwa kuwa kukataa kungewaudhi.

Jioni, jua bado liko uani, Mama alikuwa akikata plasta ndogo za kope. Akauliza bila kuinua macho, kama mtu anayepitisha muda:

"Hivi uliuona lini ule wekundu?"

"Jumatatu," binti akasema. "Kwenye picha."

Mkasi ukasimama.

"Kwenye picha ipi?" Mama akauliza.

Hapa mwandishi wa taarifa hii analazimika kuvua kofia, maana hana pengine pa kwenda. Hakuna picha hata moja yenye jicho jekundu. Baba aliyasafisha yote. Ningejua hilo mapema ningesema niliona wakati wa kumwogesha, au nikiwa nimempakata, na hadi leo ningekuwa shujaa mwenye mkate. Binti mkubwa mwenye adabu, mchapakazi na asiye na makuu ni mimi. Niligeuza picha kwa sababu ya ile hotuba ya nyuso elfu moja. Nilitaka Baba ainame na rula, aduwae, nicheke, nimwambie. Sikutegemea kwamba wangekimbia kabla sijafika kwenye kucheka. Kliniki sikuwepo pia. Nimewasimulia alivyosimulia Bibi, mara tatu, kila mara kijiko kikiwa kirefu zaidi. Na ile kengele ya Jumapili ni mimi, tukiwa tunasafisha nyumba tusafishe yote.

Nilimwambia Mama hayo, isipokuwa lile la kengele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelitayarishia mzaha.

"Kwa hiyo jicho lenyewe hukuliona."

Sikuliona. Siku kumi nilizokuwa nyumbani nilimbeba Mheshimiwa kila siku, uso wake umeelekea begani kwangu. Nilimpa jina, niliwachekesha wote kwa ajili yake, na nilimjua kwa zile picha za ukutani tu, akiwa mdogo kama stempu, ametulia, hawezi kunitazama. Niliogopa kwamba nikimwona analia karibu sitaweza tena kufanya utani, na bila utani sikujua nifanye nini mle ndani.

Mama hakunigombeza. Alimwinua mtoto, akanipakatisha, akamlaza chali juu ya mapaja yangu, akanipa kichupa cha matone.

"Saa mbili zimefika," alisema. "Usikwepe. Mtazame."

Nikamtazama. Jicho la kulia lilikuwa linanitazama pia. La kushoto lilikuwa jekundu kweli, lenye maji, wazi, linasubiri. Niliweka tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili likaingia. Akaanza kulia, nami nikamwomba radhi, kwa sauti, Mama akiwa anasikia. Alinijibu kwa upande wote wa kulia, na kidogo sana, juu ya nyusi, kwa upande wa kushoto.